Tundu la Ziada

Borbála huja Jumamosi na kioo chake cha kukuzia,
huipindua kanzu yangu ndani nje,
huhesabu mishono kama karani wa mishahara.
"Huu ni wa cherehani," anasema. "Fumua."
Nafumua.

Sufi ni ya mfugaji wa ng'ambo ya Danubi.
Nimeitia rangi kwa mizizi, katika sufuria
ambayo Etelka ameapa hatapikia tena.
Viraka vya mviringo, mabegani na magotini,
vimenila usiku kumi na saba;
kidole gumba changu kina matundu kuliko chujio.
Na suruali. Ndiyo, suruali.
Watoto wa shule hunizunguka: Mrumi gani huyu?
Liko wapi shungi jekundu? Iko wapi miguu wazi?
Nawaambia, hao mnaowataka walishazikwa
karne mbili kabla wangu hajanyonya.
Wangu ni wa mwisho mwisho, wa zamu ya usiku,
mshahara umechelewa, na ng'ambo ya mto
kuna mioto ya kupikia ambayo jana haikuwapo.

Mkanda mpana kama kiganja, shaba yake imechongwa.
Vimkuki vitano vyenye tumbo la risasi, nyuma ya ngao.
Miwani nimeamriwa niivue,
kwa hiyo adui, akija, atakuja akiwa ukungu.

Lakini kofia ya chuma,
hapo niachieni mimi.
Miaka thelathini na mmoja nilisimama mbele ya tanuru la mji huu
hadi lilipozimwa, Jumanne moja, bila hotuba.
Chuma nakijua kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake.

Nilikwenda makumbusho kuitazama ile ya asili,
iliyofukuliwa walipochimba msingi wa maghorofa yetu.
Nusu mbili, kama za boga,
utepe mmoja utosini wa kuzishikanisha.
Bitana ilishaoza; imebaki safu ya vitundu ukingoni
pale uzi ulipopita.
Kibandiko kinasema: kazi hafifu.

Mimi nikaona kingine.
Upande wa kushoto, juu ya sikio,
tundu la ribiti mahali pasipo pake,
na kando yake, upana wa kidole, tundu jingine, la sawa.
La kwanza limeachwa wazi.
Hakuliziba. Angeliziba saa ngapi?
Mwisho wa mwezi, msimamizi anapita na ubao wake,
kofia sitini zitoke kabla mashua haijaondoka,
na juu ya aibu yote litavishwa bati la fedha,
ling'ae,
nani atauliza?

Nikacheka peke yangu mbele ya kabati la vioo
mpaka mlinzi akasogea.
Ewe bwana, nakujua.
Nimewahi kukaa kwenye benchi lako.

Basi nilipoifua yangu nilipima mara tatu
nitoboe barabara pale pa kosa.
Mkono ukakataa.
Mkono wenye pensheni hauwezi kukosea kwa kuagizwa.
Ikabidi niweke saa mezani, niwashe redio,
nijitukane kwa sauti ya marehemu Lőrinc, msimamizi wetu,
jina la mama yangu likiwamo ndani,
ndipo patasi ikateleza inavyotakiwa.

Jumamosi Borbála akachungulia ndani, bitana haijashonwa.
Akatia ncha ya kidole.
"Hapa umekosea."
"Hapo," nikasema, "ndipo pekee nilipopatia."
Nikamwonyesha picha. Akaitazama, akanitazama,
akatia kidole tena, polepole,
kama anayegusa jino la mtoto linalotikisika.
Nje, bomba la kiwanda lilisimama bila moshi.

"Sawa," akasema hatimaye.
"Lakini pindo la mkono wa kushoto
bado ni la cherehani."