Ijumaa Huingia Bure

Sikuja kwa ajili ya sanaa, niseme mapema.
Kipasha joto cha bweni kilikufa Jumatano,
na jumba la makumbusho, Ijumaa, huingia bure.
Nikafungia koti kwenye kabati namba thelathini na moja
kwa sarafu ya zloti mbili
(hurudishwa, niliuliza mara mbili)
nikapanda ngazi za chuma, glavu mfukoni.

Mji huu, Łódź, jina lake maana yake mashua,
na hutauona mto.
Ipo. Profesa wetu wa uhandisi wa maji
huihesabu kwa vidole, vikamwishia,
akahamia kwenye kalamu zilizo mezani:
yote imefukiwa, inatembea gizani
chini ya lami, chini ya tramu,
chini ya viwanda vilivyoinywa.

Ghorofa ya pili:
waya uliopindwa ukaitwa Mama.
Televisheni tatu zinazoonyesha chenga,
na dirishani theluji, chenga zilezile, bila fremu.
Kiti kimezungushiwa kamba kisikaliwe;
kijana na mpenzi wake wakakinong'onea
kama watu waliokuja kumjulia mgonjwa hali.
Nikasoma kibandiko. Kipolandi changu cha miezi mitano
kikafika kwenye kitenzi cha kwanza,
kikachoka, kikaketi.

Kisha ule mweupe.
Mita mbili kwa tatu za turubai nyeupe,
si ukungu, si shuka, si maziwa.
Nikatafuta kosa: unywele wa brashi,
tone, alama ya kidole.
Nikajiona mjinga.
Nikakasirika.
Kisha nikahisi vidole vya miguu vimerudi,
nikabaki palepale kwa sababu ya vidole.

Mlinzi akainuka kwenye kiti chake cha pembeni,
sweta ya kijivu, kitambulisho shingoni: Wiesława D.
Nikadhani nimesogea mno.
"Si huko," akasema, taratibu,
kama anayemlisha mtoto uji. "Chini."

Chini, kwenye mbao,
doa jeusi la mafuta, umbo la figo,
na matundu manne ya skrubu.

"Namba kumi na nne. Mashine yangu.
Miaka kumi na mmoja, zamu ya usiku.
Walipofunga kiwanda waliziuza kwa kilo.
Walipofungua hiki nikaja kuomba kazi.
Wakaniuliza, unajua nini kuhusu sanaa?
Nikasema, najua kusimama."

Nikacheka. Yeye hakucheka,
alikuwa anageuza kichwa
anipe sikio la kulia;
la kushoto aliliacha kwa namba kumi na nne.

Kwetu husemwa, kimya kingi kina mshindo.
Nikajaribu kumpa, kwa mikono na kwa kamusi,
yakatoka maneno mawili yasiyosalimiana.
Akayatazama kitambo.
"Hapana," akasema, "mshindo ndio ulikuwa na kimya.
Jumapili alfajiri, swichi kuu ikizimwa,
tulisimama hivi, pamba kwenye nyusi,
hakuna anayeweza kuongea,
na ilikuwa hivyo."
Akaionyesha turubai kwa kidevu.
"Hivyo hasa. Kama dakika moja."

Nikamuuliza kama mchoraji anajua.

"Yule? Alikuja siku ya ufunguzi, viatu vyekundu,
akasimama juu ya doa langu akipigwa picha.
Sikumwambia kitu.
Angeongeza rangi."

Wageni wa kiti wakaingia, akarudi kukaa.
Nikaendelea kuangalia hadi kengele ilipolia,
na sijui kama niliona, siwezi kuapa,
ila masikio yalikuwa yananivuma.

Sarafu ilirudi. Glavu moja ilipotea.
Jumatatu fundi akaja bwenini na bomba jipya,
chumba kikawa kama tanuri ya mkate.

Ijumaa nikapanda ngazi tena.
Nilianza na sakafu.