Upande wa Pili wa Hori

Miaka kumi na mmoja nimeanika nguo
kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, Mikindani,
na kila nikibana kibanio cha mwisho
naiona Jomvu Kuu ng'ambo ya hori:
mapaa ya mabati, ncha ya mnara mweupe,
kisha kijani, kijani tu,
kama mtu aliyejifunika blanketi
akaacha pua nje.

Nitakwenda Jumapili, nilijisemea.
Jumapili zikaja na mambo yake.

Leo nimekwenda.
Njia iliyaacha malori na vumbi lao,
ikapinda, ikapinda tena, kelele zikafa
kama redio iliyoishiwa betri.
Kombo wa darasa la nne
akajipa kazi ya kunitembeza.
"Huu mkoko. Huu mchu.
Ule mlilana, usiushike, una majimoto."
Aliiita miti kama mwalimu mwenye daftari la mahudhurio,
nayo imesimama, maji magotini,
haiitiki wala haitoroki.

Msikiti wa kale umebaki ukuta mmoja,
matumbawe na chokaa,
na mzizi wa mkuyu umejisokota ndani ya kibla
kana kwamba ulichelewa swala
ukaamua kungoja nyingine.
Nikarudi nyuma hatua mbili nipige picha.

"Hapo umesimama juu ya mtu."

Bi Mwanasiti, barazani, beseni mapajani,
apasua chaza kwa kisu butu.
Nikaruka. Akacheka hadi kisu kikamtoka.
"Hatalalamika. Ni nyanya yangu,
na wageni akiwapenda kuliko sisi."

Watoka wapi, mwanangu?
Nikaona haya. Nikanyosha kidole juu ya maji.
"Aa, kwenye ghorofa la rangi ya ndizi mbivu!
Mna mtu mle ana shuka nyekundu.
Nikiiona imetundikwa, najua mvua haiji,
natoa uduvi wangu juani."
Akakodoa macho. "Ile pale, waiona?
Lakini leo yatudanganya."

Juu ya Rabai wingu lilikuwa likikunja mikono ya shati.

Sikumwambia. Nilimsaidia kuanua uduvi,
mkeka baada ya mkeka,
nikanunua kopo la chaza bila kuomba apunguze,
na mvua ikanikuta kilimani
nikinuka pwani ambayo siku zote nilidhani naishi.

Shuka ililowa, nikaifua upya.
Asubuhi, kabla ya kuitundika,
nilitazama mbingu mara mbili.