Mawe Manane

Kitabu cha kwanza nilikinunua kwa mpiga nakala
aliye mkabala na lango la hospitali ya Arua.
Kilianzia ukurasa wa tisa. Wa arobaini na moja haukuwepo,
na huo ndio uliobeba majibu.

Cha pili kilikuwa kizima, kinene kama tofali.
Aliyekiandika, nadhani, hajawahi kutojua kitu:
"ni dhahiri kwamba," mara sita katika sura moja.
Nikasinzia juu ya dhahiri yake,
mate yakaloanisha jedwali.

Video za Onzima zilikuwa nzuri. Nzuri mno.
Sauti tamu, mishale ya rangi,
nami naitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani,
hadi umeme ulipokatika
na ujuzi wote ukaondoka nao.

Na Jumatatu kituo cha afya kinangoja:
maabara, wodi ya wazazi, duka la dawa, karani wa kadi,
anwani mia mbili hamsini na sita,
na daktari kwa upole unaouma:
"Candiru, utazigawaje?"

Jumamosi nikaenda kumsaidia shangazi Ayikoru kuuza ufuta.
Vyuma vya mizani yake viliibwa zamani.
Anapimia mawe aliyoyaokota mtoni Enyau, manane,
dogo kama yai la njiwa, kubwa kama kichwa cha mtoto,
kila moja uzito maradufu wa mdogo wake.

Mteja akataka vipimo kumi na vitatu.
Shangazi akaweka lenye nane, lenye nne,
akaliruka lenye mbili,
akadondosha yai la njiwa.
Hakuhesabu. Mkono ulijua.

Jiwe lipo, au halipo.
Moja, au sufuri.

"Yote ukiyapanga?"
"Mia mbili hamsini na tano."
"Na usipoweka hata moja?"
"Basi nimepima hewa. Nayo ihesabu, usiidharau."

Nikayatenga mawili makubwa kwenye gunia.
Hayo yataje chumba: hakuna, dogo lao, kubwa lao, yote mawili.
Vyumba vinne!
Sita yaliyobaki yataje mashine iliyo ndani.
Sitini na nne kila chumba; ya kwanza ni jina la chumba chenyewe,
ya mwisho ni mwito wa kuita wote, usimpe mtu.
Na ile barakoa iliyonitesa miezi mitatu
ilikuwa uzito wa mawe mawili: mia na tisini na mbili.
Nilicheka hadi muuza vitunguu akageuka.

Sasa kijana wa Koboko ananiuliza aanzie kitabu gani.
Nampa lile tofali, lenye doa la mate yangu;
ni kizuri, kwa kweli, ukishajua.
Kisha namtuma sokoni:
kanunue ufuta, vipimo kumi na vitatu,
na usitazame ufuta.