Upepeo wa Chuma

Mbarouk kaja na boti ya asubuhi kutoka Unguja,
kitabu kakizungushia fulana kisilowe,
kaketi kwenye mkeka wangu hajanywa hata maji:
"Shangazi, njoo uone silaha."

Nikajua ni panga. Wajapani na panga zao, nani hajui?
Lakini kurasa zile kaziruka,
kaniwekea kidole kwenye mundu,
mundu huu huu wa kukatia majani ya ng'ombe,
ila mpini wake umefungwa mnyororo
na mwisho wa mnyororo kitonge cha chuma
kama jiwe la mizani ya dukani kwa Shaame.
"Kwanza unamfunga mkono, ndo kisha unamvuna."
Hapa Wete, nikamwambia, tungemfunga ng'ombe.

Kisha rungu lenye miba kama shokishoki.
Kisha chuma cha kulabu moja, hakina makali,
cha kudakia upanga wa mtu na kuusokota.
Kisha yai. Yai tupu, ganda,
limejazwa jivu na pilipili ya kusaga,
unampasulia mtu machoni.
Hapo nilicheka nikashika mbavu:
mwanangu, hii mbona ni kazi ya jikoni?

"Na hii," akasema,
akashusha sauti kama aliyefika penye aya.
Upepeo.
Mbavu zake chuma, ukikunjwa hukaa kama rula ya skuli.
Samurai akiitwa kwa mkubwa wake
upanga huuacha mlangoni, ndiyo adabu,
lakini nani atamvua mtu upepeo?
Huingia nao, huketi nao, hujipepea,
na likizuka la kuzuka
ndiyo ngao, ndiyo rungu.

Sikucheka.
Niliangalia chane za ukindu mapajani mwangu,
nyekundu na kijani, pepeo sita za harusi ya Bopwe,
nikasema: funga kitabu.

Mama yangu, Bi Chumu, wewe hukumdiriki.
Mwaka ule karafuu ukiiuza kwengine
unalala korokoroni.
Baba kaficha gunia tatu chini ya kitanda cha besera,
anangoja usiku wa kiza.
Na karafuu, unaijua, haijui kunyamaza.
Uifunike mikeka saba, itakusema.

Wakaja saa nane za mchana, wanne, na bunduki.
Viatu hawakuvua.
Mama keshaketi kizingitini mwa chumba,
chetezo mbele yake, udi wote kautia motoni,
hakubakisha hata wa kufukizia maiti,
na upepeo mkononi.
Akapepea.
Si kwa pupa. Alipepea kama mwenye joto,
kama mwenye mtoto aliyelala,
na mtoto ni mimi, nimelazwa juu ya gunia zile,
macho nimefumba kwa kuamriwa.
Moshi ukenda alikoutuma.
"Mna mgonjwa," akasema. "Piteni, ila msimwamshe."
Mkubwa wao akapiga chafya. Mara tatu.
Akasema twendeni.

Sasa waniuliza kama alimpiga mtu.
Hakumpiga mtu, Mbarouk.
Ila hili halimo kitabuni mwako:
harufu haikufa, ilisukumwa tu.
Wale watu wakaifuata pua
hadi kwa Faki, ukuta wa pili,
nao wakamkuta na kibaba kimoja
cha chai na cha tumbo la mkewe.
Alirudi mwaka wa pili, kakonda, hasemi.
Kila Ijumaa mama akimpelekea mkate wa kumimina.
Hakumwambia kwa nini.
Faki akila, hakuuliza.

Upepeo wenyewe ndio ule juu ya kabati,
ukingo umeungua. Ushike.
Mwepesi, eh?
Siku za mwisho mama hakujua jina langu,
lakini mkono wa kulia ulikuwa bado unakwenda,
huku, kule, polepole,
na ilikuwa kipupwe,
na chumbani hamna joto.