Kipande cha Kurian

Alhamisi Kuu, Kuttanad. Maji yamefika kizingitini.
Huwa naumega mkate usiotiwa chachu
kuanzia mkubwa, kama alivyofanya baba yangu.
Miaka tisa kipande chako, Kurian,
mama yako alikifunika kwa jani la mgomba,
nami, kabla hakujakucha,
nikawatupia bata.

Usiku huu umeketi mkekani, mvi kidevuni.
Nilikuwa nimeandaa neno la mzazi: Nimekusamehe.
Lakini mkono uliokufukuza
ndio huu unaomega.
Ukatetemeka. Tui la sukari guru likadondokea Zaburi.

"Mwanangu, nisamehe mimi kwanza,
ndipo tusali Baba Yetu."

Hukujibu.
Ulichovya kipande chako,
ukakigawa,
nusu ukanitia kinywani
kama mtu anayelisha mgonjwa.