Mguu wa Klachi

Kwanza vua hizo ndala, Somoe.
Ndala hujikunja chini ya pedeli,
na mteremko wa kushukia Masasi
haumsubiri mtu anayetafuta kiatu.

Sogeza kiti mbele. Mimi nilikuwa mrefu.
Klachi ikanyage mpaka sakafuni,
usifanye kama mtu anayeonja maji ya kuoga.
Kisha iachie, kidogo, kidogo tena,
mpaka ulisikie gari likijikunyata
kama mbuzi aliyehisi kamba imelegea.
Hapo. Hapo hapo. Pakariri.
Kila gari lina hapo pake,
na hii Hailaksi hapo pake pako juu mno,
kwa sababu nitakayokuambia
tukishalipita ghala la chama.

Imezima. Haina neno.
Usimtazame yule wa bodaboda,
naye alizaliwa hajui kutembea.
Nyutro. Washa.

Mkono, Somoe.
Ukishaingiza gia, toa mkono.
Kirungu cha gia si bega la mchumba.
Huko chini kuna uma mwembamba wa chuma
unaobeba uzito wa kiganja chako bila kusema,
hadi siku gia ya tatu inapogoma
katikati ya mchanga, umepakia, na jua limezama.

Haya, ghala hilo nyuma yetu.
Miaka kumi na tisa nimebeba kwa gari hili:
korosho, salfa, madumu ya maji,
maharusi wawili, maiti wanne,
na mara moja pipa la uraka lililomwagika,
likanuka mabibo mpaka masika.
Na miaka yote hiyo mguu wangu wa kushoto
ulikuwa umelala juu ya klachi.
Haukukanyaga. Ulilala tu,
kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango
hajaamua kuingia wala kuondoka.
Sahani tatu nimezila namna hiyo.
Fundi Nandonde alinionyesha ya tatu,
nyembamba kama kaki, inanuka nywele zilizoungua,
akasema, gari lako zima, bwana,
mguu ndio una woga.
Nikacheka. Nikamlipa.
Nikaondoka nao umelala palepale.

Mama yako alilisema hilo hilo kwa maneno mengine.
Siyarudii, wewe unaendesha.

Kilima hicho, na lori limesimama mbele.
Usilizuie gari kwa klachi nusu.
Vuta breki ya mkono. Subiri.
Lori likijongea: mafuta kidogo,
tafuta hapo pake, shusha breki.
Umeona? Hatukurudi hata shubiri.

Sasa mteremko wenyewe.
Wenzetu hapa hutia nyutro
waokoe mafuta ya bei ya soda.
Wewe shuka na gia ambayo ungepandia.
Iache injini ilalamike,
kwenye mteremko kulalamika ndiyo kazi yake.
Breki gusa, achia. Gusa, achia.
Zisianze kunuka kabla ya kona.

Nikuambie jingine?
Mguu nimeuacha hospitali ya Ndanda, Februari,
sukari ilipokataa kusikia dawa wala dua.
Suruali hii mama mdogo wako ameikunja akaipiga pini.
Lakini kila ukibadili gia
vidole nisivyokuwa navyo vinakanyaga.
Tangu nyumbani tunabadili pamoja, wewe hujui.
Ya pili, ya tatu, ukarudi ya pili pale penye watoto.

Na ajabu ni hii:
unakanyaga mpaka sakafuni, halafu unaachia.
Unaachia wote,
unarudi pembeni, unakaa.
Miaka kumi na tisa nilikuwa nao haukuweza.

Mbona umenyamaza? Tazama barabara.
Kona imekwisha, weka ya tatu.
Klachi. Vizuri.

Mkono, Somoe.