Vyumba Kumi na Kimoja

Kazi yangu ilikuwa kunakili.
Ardis Tollefson aliandika kwa penseli, mimi kwa wino,
fidla ya pili karatasi hii, zumari karatasi ile,
kila mpigaji apate yake, asiwe na wa kumlaumu.
Noti hukaa vyumbani, vyumba vimetengwa kwa mistari ya wima.
Nilivihesabu miaka kumi na tisa
mjini Duluth, Minnesota, juu ya duka la viatu,
mtaa ulioinama kuelekea ziwani
hata chungwa likikudondoka, umeliaga.

Opera yake ya kwanza ilihusu ghala la ngano.
Nani atakata tiketi akawasikilize wapakuzi
wakiimba vumbi na mapafu?
Walikata. Walikuja na makoti yanayonuka grisi,
na mzee mmoja wa bandarini, tendo la pili likiwa katikati,
akasimama akasema: "Hapana. Winchi hailii hivyo."
Ardis akaifuta winchi usiku uleule.
Kesho yake ililia sawasawa.

Ya pili ilifika New York. Magazeti yakamsifu,
na mambo ya mgema akisifiwa unayajua:
ya tatu ilikuwa maji matupu.
Malkia, farasi wa mbao, kwaya ya watu sitini,
nami nikinakili hadi alfajiri, shavu likiwa na wino.
Siku mbili, pazia likafungwa jumla.
Alirudi kwa basi, sanduku la karatasi mapajani,
kama aliyetoka kuchukua majivu ya mtu.

Miaka sita hakuandika.
Alirekebisha piano za makanisa.
Alifundisha watoto wa madaktari wa meno.

Ya nne ilianza na simu.
Usiku wa dhoruba ya theluji, mwanamke peke yake kwenye mitambo
anaunganisha waya baada ya waya,
na nyumba moja, ng'ambo ya daraja, haipokei.
Hapo Ardis alikuwa ameweka ngoma,
tarumbeta nne, na kilio kirefu kinachopanda.

Siku hiyo nilikuwa na hasira zangu.
Meneja wa jumba, Bwana Thurlow Beckstead,
hakuwa amenilipa miezi mitatu, wala hajibu barua.
Nikanung'unika, kalamu mdomoni:
kimya kingi kina mshindo mkuu.
Ardis akataka maana. Nikampa.
Akaniangalia kama nimetabiri.
Nikamwambia, hii si hekima, mama, hili ni deni.

Lakini kifutio kilikuwa kimeshafika kwenye tarumbeta.
Ngoma, kilio, vyote vikafagiliwa sakafuni.
Vikabaki vyumba kumi na kimoja vitupu.

Usidhani kimya ni chepesi kunakili.
Wapigaji thelathini na wanne, kila mmoja na kimya chake,
kila chumba na alama yake ya pumziko,
kofia nyeusi inayoning'inia chini ya mstari.
Sahau moja tu, na mtu wa tromboni
ataingia mapema aamshe wafu.

Usiku wa kwanza, Desemba, nilisimama nyuma kabisa
nikihesabu kwa vidole. Chumba cha nne, mtu akakohoa.
Cha sita, bomba la joto likagonga mara mbili.
Cha nane, kutoka roshani, sauti ya mwanamke,
ndogo, kama ya mtu aliyeamshwa:
"Haloo?"

Hakuna aliyecheka.
Mhakiki mmoja aliandika kwamba mama yule amelipwa.
Hakulipwa. Katika jumba lile
hata waliofanya kazi hawakulipwa.
Nilirudi usiku saba zilizofuata kumsikiliza. Hakusema tena.

Februari hundi yangu ikaja, pungufu.
Beckstead hulipa kwa chumba, na kumi na kimoja
alikuwa amevikata kwa kalamu nyekundu, mara thelathini na nne:
humu, alieleza, hakuna kilichoandikwa.

Ardis akamwandikia barua. Sikuisoma.
Nilimsikia tu mezani akipiga rula,
mstari wa wima, mstari wa wima.
Bahasha niliipeleka posta mwenyewe.
Ilikuwa nyepesi mno.